Daftari Bila Ufunguo

Nabintu alifungua fundo la kitenge
akatoa flashi inayonuka kahawa mbichi,
akaiweka mezani kwangu, hapa Nyawera,
kati ya gundi na kikokotoo.
"Mume wangu aliandika humu kila kilo.
Leo wanunuzi wanasema hatukuwapa kitu."

Nikaichomeka. Mafaili mawili.

La kwanza, la mwaka elfu mbili na tatu.
Nililibofya, likanitolea visanduku,
visanduku vyeupe, mstari juu ya mstari,
mteremko mzima wa Kadutu
na nyumba zake hazina mlango hata mmoja.
Hapa na pale herufi imepona: K. Kisha tena K.
Mashine ikaniambia kwa adabu
kwamba anayelijua umbo hili yuko mbali,
kalifunga, na programu yake inauzwa kwa dola
nisizozipata kwa kuchapa barua miezi minane.

Tulifundishwa tangu utoto:
mali bila daftari hupotea bila habari.
Sawa. Daftari hili hapa, limo mkononi mwangu, lina joto.
Lakini nani alitufundisha habari ya daftari
ambalo ufunguo wake
umebaki mfukoni mwa muuza kalamu?

La pili ni la elfu mbili na kumi na moja.
Nalo liligoma. Nadhani umeme ulikatika
marehemu akiwa analihifadhi.
Ila mkia wake niliutambua, herufi tatu za umbo lililo wazi.

Miaka hiyo nilikuwa bado napiga taipureta,
utepe umekauka, naulowesha kwa mafuta ya taa,
na huko kwenye miji ya baridi watu walikaa mezani
wakabishana barua ikunjwe vipi:
kichwa kikae wapi, jedwali lishonwe namna gani,
na yote yaandikwe hadharani
ili mwenye mashine yoyote asome bila kupiga hodi.
Kurasa mia saba hivi, wakazitoa bure.
Wengine wakaja na zao elfu sita.
Elfu sita! Kueleza barua!
Siku niliyosikia nilicheka
hadi mteja akaniuliza kama naumwa.

Basi nikaufuta ule mkia,
nikaweka mkia wa furushi,
na faili likaachia, gunia lililokatwa uzi.
Ndani, karatasi ya mitindo, imeraruka.
Karatasi ya nani aliandika na lini:
Kulimushi, saa tano na dakika nne usiku.
Na moja kubwa, ya maneno yenyewe.
Haikuwa ya kupendeza. Mabano yenye ncha kila upande,
ua la miiba; na katikati ya miiba, Kiswahili:

Mugoli, kilo arobaini na mbili.
Cikwanine, kilo kumi na tisa, zimelowa.
M'Birhenjira, kilo sitini, amelipwa nusu.

Nabintu hajui kusoma. Aligusa kioo kwa kidole.
"Hapa amesema nini?"
"Zimelowa."
"Eh," akasema, "zililowa kweli.
Mvua ilitukuta Kabare. Yeye ndiye aliyetufunika."
Kisha hakuondoa kidole.

Nilichapa nakala nne.
Aliniachia franka elfu mbili na maparachichi,
na barua ya madai nikaihifadhi katika umbo lile lile la wazi,
nikamweleza sababu, akasema sababu anaijua.

Faili la kwanza bado ninalo.
Kila nipatapo programu mpya nalijaribu,
usiku, wateja wakishaondoka, jenereta la jirani likinguruma.
Wiki jana, baada ya ile K ya pili,
vilijitokeza vitu vitatu visivyo visanduku.
U. Nukta. L.
Nadhani ni jina.
Sijamwambia.